Leba, medikali, watoto au dharura? Wodi ya kwanza ya muuguzi mwenye leseni mpya

Matokeo ya mtihani wa leseni yakitoka tu, simu zinaanza. Swali ni lilelile: "Dada, matroni kaniuliza nataka wodi gani. Nimwambie nini?" Wapo wasioulizwa kabisa, wanaripoti Jumatatu asubuhi na kukuta jina lao limeshapangwa wodi ya wanaume. Hata hao wana pa kupitia. Matroni mwenye upungufu wa watu kila kona hambishii sana mtu anayejileta mwenyewe mahali ambapo wenzake wanapakimbia.

Wenye digrii mmeshazungushwa idara zote katika ule mwaka wa intani, mnajua kila wodi inanuka nini. Wenye diploma mmetoka chuoni juzi, na wodi mlizoziona mmeziona mchana, wanafunzi wanane mmezunguka kitanda kimoja, mwalimu yupo pembeni. Nawaandikia ninyi zaidi.

Wengi huchagua idara kwa jina lake. ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, inasikika vizuri ukiitaja nyumbani, dharura inaonekana kama kazi ya watu majasiri, kliniki ina usingizi. Mimi nina kipimo kimoja, nacho ni saa nane usiku. Mchana karibu kila wodi inakaa vizuri: daktari yupo, inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) yupo, wanafunzi wapo, maabara iko wazi. Saa nane usiku ndipo unapoijua idara. Jambo likiharibika muda huo, linaharibika kwa kasi gani? Na ukiita, anakuja nani, baada ya muda gani? Baada ya hapo nauliza swali la pili: miaka miwili ijayo unategemea kuwa wapi? Majibu ya maswali haya mawili hayaelekezi wote sehemu moja.

LEBA NA MEDIKALI

Wengi wenu mtajikuta mnachagua kati ya hizi mbili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Leba inafundisha mikono kuliko idara yoyote. Unapima njia ya uzazi ilivyofunguka, unasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, unajaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, unapokea mtoto, unamchoma mama oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 ndani ya dakika ya kwanza, unatoa kondo, unakagua michubuko, unashona. Daktari anaitwa pakiwa na tatizo. Kama hakuna, mzigo wote ni wako tangu mama anaingia na begi lake hadi anatoka amembeba mtoto. Kwa miezi sita ya leba yenye kazi nyingi utakuwa umefanya kwa mikono yako vitu ambavyo mwenzako wa wodi nyingine anavisoma tu. Na ndiyo idara pekee ambapo mara nyingi mnafurahi. Wanaotoka medikali kuja kutusaidia zamu moja huniambia hivyo: huku watu wanacheka.

Sasa kasi yake. Mtoto akizaliwa hajalia una dakika moja, ile inayoitwa dakika ya dhahabu. Unamkausha, unamsugua mgongo, unamweka kichwa sawa, na kama bado hapumui unaanza kumpulizia kwa ambu, mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, pumzi 40 kwa dakika. Hakuna muda wa kumpigia mtu simu kwanza. Mama anayetoka damu naye hasubiri. Mpaka tuliofundishwa ni mililita 500, lakini kwa miaka mingi tulikadiria kwa macho, na macho hayajui damu iliyonywewa na khanga wala iliyokwenda sakafuni. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa 2023, ulitumia kitu rahisi sana: mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaotandikwa chini ya mama, halafu tiba zote zinatolewa kwa mkupuo badala ya kujaribu moja moja. Kutoka damu kwa kiwango cha hatari na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Ukienda kuiangalia leba unayotaka kuomba, tafuta ile mifuko kwa macho yako.

Mimi nilianzia leba, katika hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Wiki ya tatu, usiku, tulikuwa wawili. Mwenzangu akampeleka mama mmoja kwenye operesheni, nikabaki na wawili waliokwisha kujifungua na mmoja ambaye njia ilikuwa imefika sentimita 8. Mama wa kitanda cha mwisho akaniita kwa sauti ndogo: "Sista, najisikia kulowa." Nikafunua khanga. Nikaweka mkono tumboni nikakuta kizazi laini kama unga uliokandwa. Nikaanza kusugua kwa mkono mmoja, wa pili nikafungua dripu, na kidomo changu chote cha chuoni kikaisha. Aliyekuwa karibu ni mhudumu wa afya, mama mtu mzima aliyekuwa anadeki korido. Akatazama mara moja tu, akaacha ndoo. "Usitoe mkono, mwanangu. Naenda thieta mimi." Aliporudi na daktari nilikuwa bado nasugua.

Mama yule alipona. Asubuhi kwenye kukabidhiana zamu inchaji akafungua faili akaniuliza: dawa ya pili ulichoma saa ngapi? Sikujua. Sikuwa nimeandika kitu chochote tangu saa nane hadi saa kumi. Hakunigombeza. Alinipa kalamu akaniambia nikae nikumbuke dakika kwa dakika, na nilipomaliza ilikuwa saa nne asubuhi.

Swali lake halikuwa la kunikomoa, na hapa pana uzito wa leba ambao vijana hawauoni kabla ya kuingia. Vifo vya uzazi nchini Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16 hadi 104 katika za 2022. Sehemu ya mafanikio hayo ni kwamba kila kifo cha mama sasa kinafuatiliwa. Taarifa inapanda juu ndani ya saa 24, kikao cha mapitio kinaitwa, faili linasomwa ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu. Kikao kinatakiwa kutafuta kilichokosekana na siyo kumtafuta mwenye kosa, na mahali penye uongozi mzuri ndivyo kinavyokwenda. Lakini ukiwa na miezi miwili kazini, ukakaa kwenye kiti kile wakisoma mwandiko wako, utajua kwa nini wakongwe wa leba huandika saa hata kwenye kiganja.

Medikali ni kinyume chake karibu katika kila kitu. Kasi ni ndogo, upana ni mkubwa. Zamu moja unakutana na kisukari, presha, kiharusi, moyo uliojaa maji, figo, TB, nimonia, mwenye VVU aliyechelewa kuanza dawa, na mzee ambaye hakuna aliyejua anaumwa nini. Dawa nyingi utakazozitoa maisha yako yote utazijulia hapa.

Kubwa unalojifunza medikali ni kumwona mtu anayeanza kuharibika kabla hajaharibika. Mapigo yanapanda kidogo, pumzi zinaongezeka, mkojo kwenye mfuko unapungua, mgonjwa aliyekuwa anakusalimia jana leo anakutazama tu. Ukifunua chati za wodi nyingi utakuta kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika. Wodi nzima, mara 20! Hakuna aliyehesabu. Anayehesabu dakika nzima, akiangalia kifua na saa yake, ndiye atakayemwona wa 32 saa nane usiku, na bado atakuwa na saa moja au mbili za kufanya kitu: oksijeni, kipimo cha sukari, dripu, simu kwa daktari wa zamu. Ndiyo maana naipenda kwa mgeni. Kosa la medikali mara nyingi linakupa nafasi ya kulirudia.

Mara nyingi, siyo mara zote. Insulini haina msamaha. Mililita moja ina yuniti 100, bomba lake ni dogo, na namba mbili zikikaa vibaya mgonjwa anaamkia kwenye koma au haamki. Inchaji wangu wa kwanza wa medikali alikuwa na kalamu nyekundu ya kazi moja: kila alipokuta mtu kaandika 10U alikata, kwa sababu ile U ikiandikwa kwa haraka inasomeka sifuri na 10 inakuwa 100. "Andika yuniti, neno zima. Wino siyo wa baba yako," alikuwa anasema, na hakuna aliyebisha. Damu ya kuongezewa nayo inataka ukae na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, hata kama vitanda vingine vinakuita.

Ubaya wa medikali ni mwili na moyo. Kumgeuza mwenye kiharusi kila saa mbili ili asipate vidonda kunavunja mgongo, na kwa wauguzi wawili na wagonjwa thelathini na kitu utawaomba ndugu wakusaidie. Vifo ni vingi kuliko leba na vinakuja kimyakimya. Hakuna kikao kinachoitishwa kwa ajili ya mzee wa kitanda namba 11, kwa hiyo hakuna anayekuuliza unajisikiaje. Vijana wengine wanafika mwezi wa nne wameshakuwa wagumu kama meza, na huo siyo uzoefu, ni uchovu.

Basi uchague ipi? Hapa linaingia swali la pili. Kama una ajira ya kudumu hospitali kubwa, ya rufaa ya mkoa au zaidi, na utakuwapo, anza medikali. Mwaka mmoja pale unakufanya muuguzi anayefaa kupelekwa kokote: ICU, dharura, figo, kliniki ya moyo. Lakini kama unajitolea au uko kwenye mkataba huku unasubiri ajira za serikali, omba leba, na omba mapema. Majina yakitoka, halmashauri inaweza kukupeleka zahanati ya kijiji yenye tabibu mmoja na muuguzi mmoja, na huyo muuguzi ni wewe. Mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa utampa rufaa asubuhi. Mama mwenye uchungu wa saa tisa usiku hana asubuhi. Hata ukipiga 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, na gari likatoka mara moja, njiani kuna mto, kuna matope, na mtoto anaweza kutangulia. Nimefanya kazi na watu waliopelekwa huko wakiwa wamekaa miaka miwili thieta ya mjini, hodari kweli, ambao usiku wa kwanza walilazimika kumwita mkunga wa jadi awashikie tochi na awape moyo.

Nina sharti moja kwenye ushauri huo wa leba. Usiingie leba ambayo mgeni anahesabiwa kwenye zamu ya usiku kuanzia wiki ya kwanza. Nitalirudia mbele.

WATOTO, NA CHUMBA CHA WACHANGA

Wodi ya watoto inafanana na leba kwa kasi na medikali kwa upana. Mtoto huharibika haraka na hupona haraka; aliyeingia mahututi jana usiku leo jioni anakimbiza puto koridoni, na hilo linatibu moyo wa muuguzi kuliko posho. Kazi ngumu ya mwanzo ni mishipa. Mtoto wa miezi saba mnene, aliyeishiwa maji, anakupa nafasi mbili tatu tu, na mama yake anakutazama machoni kila unapokosa. Mwenye busara akikosa mara mbili anampisha mwenzake. Wageni wengi huona aibu kufanya hivyo, na mtoto ndiye anayelipa.

Ila kilichonifanya niitaje wodi hii kama ya pili badala ya ya kwanza ni hesabu. Mtu mzima ana dozi inayojulikana; mtoto ana kilo. Chukua artesuneti ya sindano kwa malaria kali. Aliye chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo, mwenye 20 na kuendelea anapata 2.4. Mtoto wako ana kilo 8: miligramu 24. Kichupa cha miligramu 60 umekichanganya na baikaboneti yake, ukaongeza salaini hadi kila mililita ibebe miligramu 10, kwa hiyo unavuta mililita 2.4, kisha unalinganisha na chati ya ukutani. Rahisi ukiwa umekaa. Sasa ifanye saa nane usiku, mtoto anadegedege, mizani imeharibika, mama yake anasema "sijui kilo zake, sista, kadi nimeiacha nyumbani." Kama hesabu za chuo zilikuwa zinakutoa jasho, jipe mwaka mahali pengine kwanza. Kama unazipenda, njoo, tunawahitaji.

Chumba cha wachanga ni hesabu hiyohiyo ikiwa na nukta iliyosogea mbele zaidi. Kichanga wa kilo 1.2, maziwa kwa mililita chache kila baada ya saa mbili au tatu, dawa ya jentamaisini ya kupimwa kwa sindano ndogo kabisa, oksijeni isiyotakiwa kuzidi wala kupungua. Wapo wauguzi waliozaliwa kwa kazi hii. Utawajua kwa jinsi wanavyonong'ona wakiwa mle ndani. Mgeni anaweza kuanzia pale endapo kuna mkongwe kila zamu, na kwa kawaida hayupo kila zamu.

UPASUAJI NA THIETA

Wodi ya upasuaji ni shule nzuri isiyosifiwa. Kuna kuandaa mgonjwa, kumpokea kutoka thieta na kumpima kila dakika 15, vidonda, mirija, maumivu. Mpangilio wa siku unaeleweka, wagonjwa wengi wanapona, na saa nane usiku hofu yako kubwa ni damu na mkojo usiotoka. Asiyejua anachotaka na asiyetegemea kwenda zahanati hatakosea akianzia hapa, na nafasi hupatikana kirahisi kuliko anavyodhani.

Thieta ni ulimwengu wake. Kuhesabu vitambaa na vyombo kabla na baada, ile orodha ya usalama ya WHO ya tangu 2008 inayosomwa kwa sauti kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka, usafi wa mikono hadi kwenye kiwiko. Utapenda kama unapenda utaratibu. Lakini mgonjwa wako amelala. Ukianzia hapa utakaa miaka bila kujifunza kuzungumza na mtu anayeogopa. Ningeiacha iwe ya baadaye.

DHARURA NA ICU

Idara ya dharura yenye madaktari wake na utaratibu wake ni jambo jipya kwetu. Ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na kabla yake mgonjwa aliyezidiwa alikuwa anapokelewa kama wengine kisha anasukumwa wodini. Fedha za mpango wa UVIKO-19 za 2021, zile shilingi trilioni 1.3, zilijenga majengo ya dharura na ICU katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya, kwa hiyo sasa hata mgeni wa mbali na Dar es Salaam anakuta bango la EMD mlangoni na anaweza kupangwa humo.

Nimeona wageni wakishamiri dharura na nimeona wakivunjika, na tofauti haikuwa ujasiri wao. Dharura saa nane usiku ina watu: daktari yupo palepale, siyo nyumbani akisubiri simu. Ukiita, anayekuja yuko hatua tano. Kwa kipimo changu hilo ni jambo kubwa kuliko damu na kelele zote za mlangoni. Wa ajali ya bodaboda atakutisha wiki mbili, halafu utazoea kuangalia njia ya hewa kwanza na mguu uliopinda baadaye. Kinachovunja watu ni ndugu. Mapokezi ya dharura utasukumwa, utatukanwa, utaulizwa "mnasubiri afe?" na mtu ambaye mgonjwa wake amepewa rangi ya kijani kwa sababu anaweza kusubiri. Na kwa kuwa wagonjwa wanapita, hujui walivyoishia. Hukai na mtu siku sita ukamwona anapona, na mgeni anahitaji kuona hivyo mara kadhaa ili aamini kwamba kazi yake ina maana.

ICU inakupa mgonjwa mmoja au wawili na kukutaka uwajue hadi ndani ya mfupa. Mashine ya kupumulia, dawa za presha zinazokwenda kwa pampu, namba kila saa. Anayeanzia hapa anakuwa mjuzi wa mashine kabla hajawa mjuzi wa watu, na kengele zikilia anatazama skrini wakati mgonjwa ndiye anabadilika rangi. Nimewaona wazuri pia, ila wote walifundishwa kwa miezi, kitanda kimoja kwa wawili, kabla ya kuachiwa. Kama hospitali yako inakwambia utaelekezwa wiki moja, kataa kwa adabu, sema unaomba ukapitie medikali kwanza. Hakuna matroni atakayekukasirikia kwa hilo, na wengine watakuheshimu.

KLINIKI

RCH (afya ya mama na mtoto), CTC (huduma na tiba ya VVU), wagonjwa wa nje. Hakuna usiku, kwa hiyo kipimo changu hakina kazi. Kwa mwenye mtoto anayenyonya au mgonjwa nyumbani ni baraka na asione haya kuomba. Utajifunza kuongea na watu, kutoa chanjo kwa mamia, kusikia mambo ambayo hakuna anayeyasema wodini. Ila mikono inapoa, na kuirudisha baada ya miaka mitatu ni kazi. Ukienda, omba zamu moja ya wodini kila mwezi. Wengi wanakubaliwa.

KABLA YA KUMJIBU MATRONI

Nenda ukaitembelee wodi saa tatu au saa nne usiku, siyo mchana. Salimia, jitambulishe, waambie unafikiria kuomba hapo. Wauguzi wa usiku hawana haja ya kuipamba idara yao.

Fungua trei ya dharura kama wanakuruhusu. Leba, angalia kama magneziamu salfeti ya kifafa cha mimba iko pamoja na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuifuta ikizidi. Na muulize yeyote wa zamu anaangalia nini kabla ya kurudia dozi. Akikujibu bila kufikiri "pumzi 16 au zaidi, goti linaruka, mkojo mililita 30 kwa saa," hiyo leba ina mwalimu. Angalia lile doli la kufanyia mazoezi ya kumpulizia mtoto. Mpango wa Safer Births, uliopitia vituo 30 vya kutolea huduma katika mikoa mitano ikiwemo Manyara na Tabora, ulijengwa juu ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapohapo kazini. Doli lenye alama za vidole ni habari njema. Doli lililofungwa kabatini na funguo iko kwa mtu aliyeko likizo, umeshajibiwa.

Kisha muulize inchaji jambo moja bila kuzunguka: mwezi wa kwanza nitakuwa wa ziada kwenye zamu au nitahesabiwa? Wa ziada maana yake ukitoka wewe zamu bado imetimia. Wa kuhesabiwa maana yake umeshakuwa nguzo na hujakauka. Upungufu wa watu ni wa kweli na siwalaumu mainchaji, lakini hata wiki nne zinapatikana ukiziomba kabla ya kuanza. Ukishaanza hazipatikani tena. Idara niliyoiweka chini, yenye wiki nne za hivyo, ni bora kwako kuliko niliyoisifu isiyo nazo.

Kaka zetu mnaoogopa leba: wapo akina mama watakaokukataa, hasa wakija na mama mkwe, na unampisha dada bila kununa. Wengi uchungu ukikolea hawaangalii. Watakuita dokta hata ukiwaambia mara kumi kwamba wewe ni muuguzi.

Na popote utakapopangwa, chanjo ya homa ya ini B ianze kabla ya zamu ya kwanza. Ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, na kadi uitunze wewe mwenyewe. Uliza pia siku hiyohiyo dawa za kinga ya VVU ziko wapi usiku na funguo yake anayo nani. Ukijichoma una saa 72 za kuanza, na unazinywa siku 28. Ikiwa anayejua zilipo ni mtu wa mchana peke yake, mwambie inchaji abandike karatasi ukutani kabla hujaingia zamu ya usiku.